Paa la makuti lililovuja: dawa ni mwinuko

Banda la kupumzikia huku Makunduchi lilivuja kila masika, ingawa makuti yalikuwa mapya. Upana wa mita 4, kimo cha paa mita 1 tu: maji yalijikokota juu ya makuti, yakapenya. Kuongeza makuti juu yake ni kupoteza fedha. Niliezua, nikapandisha mwamba, yaani mti wa kileleni, hadi mita 2, ndiyo mwinuko wa nyuzi 45, kwa makombamoyo (miti ya mteremko wa paa) ya mita 3.4, upenu ukiwamo. Fito zikae kila sentimita 10. Makuti ya viungo, yaliyoshonwa kwenye vijiti, huanzia upenuni kwenda juu. Funga kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Misumari huliwa na chumvi ya bahari. Kileleni laza makuti ya kumba, yaliyosukwa, pande zote mbili, uyabane kwa fito, maana upepo wa kusi hufumua hapo kwanza.