Mstari Kwenye Mchanga wa Shangani

Jana jioni jirani alichoma korosho zake za kwanza za msimu, na moshi ule mkali unaobana koo ukapita juu ya ukuta na kuingia uani kwetu, wakati binti yangu amesimama na fimbo yangu ya gofu, ile ya namba 7, mkononi. "Baba," aliniuliza, "mkono huu wa kushoto nauweka vipi?" Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa kumjibu, kisha nikanyamaza. Moshi na swali hilo vilikuja pamoja, vikanirudisha kwenye Jumapili moja ya mwaka 2014.

Mwaka ule bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikuwa likijengwa, mji wa Mtwara umejaa wageni, nasi watu sita tuliokuwa tukicheza gofu kwenye uwanja wa nyasi tulizofyeka wenyewe tulichanga fedha kumleta kocha kutoka mbali kwa siku mbili. Alikuwa mtu mpole na mwenye subira, na alitufundisha kwa moyo wote vilevile alivyofundishwa yeye. Siku ya kwanza alinipa mambo mawili ya kurekebisha. Kufikia saa nne asubuhi ya Jumapili yalikuwa sita: kichwa kisitikisike, mkono wa kushoto unyooke, kiwiko cha kulia kibane ubavuni, magoti yalegee, uzito uhamie kulia ndipo urudi kushoto, na kifundo cha mkono kisifunguke mapema. Kila nilipokosea aliongeza neno jipya, na hakuna hata moja alilolipunguza. Alinipiga picha za video kwa simu, akanionyesha mwili wangu ukienda kombo, nami nilikubali kwamba kweli ulikuwa ukienda kombo. Niliporudi kusimama mbele ya mpira nilishindwa hata kuinua fimbo. Nilipoiinua hatimaye, niliichimba ardhi, na mpira ukajiviringisha hatua tano. Nilikuja kwenye mafunzo yale nikiweza kupiga mikwaju miwili mizuri katika kila mitano. Niliondoka mchana bila hata mmoja.

Fimbo ya gofu hushuka kutoka juu hadi kwenye mpira kwa muda wa takriban robo sekunde, na uso wake hugusana na mpira kwa kiasi cha nusu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna mwanadamu anayeweza kuamrisha viungo sita kwa zamu ndani ya muda huo. Mchezaji wa kulipwa anayepiga mamia ya mipira kila siku, na kocha wake akiwa kando mwaka mzima, anaweza kuchukua rekebisho moja la kiwiko na kulifanyia kazi miezi kadhaa mpaka likazama mwilini. Sisi wa kawaida, wenye saa mbili kwa wiki, tunapewa dawa ileile bila muda wa kuimeza.

Nilirudi nyumbani Ligula nikiwa na huzuni ambayo sikutaka mtu aione. Uani, mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na mpwa wangu, wakati huo mtoto wa miaka tisa, akimfundisha kubangua. Korosho zilizokwisha kuchomwa zilikuwa kwenye ungo, majivu yamewekwa kando ya kupaka viganja ili mafuta ya ganda yasiwaunguze, na mbele yao kulikuwa na jiwe moja, kipande cha mti mgumu na mabakuli mawili. Nilikaa kwenye kibaraza nikiwatazama kwa sababu sikuwa na nguvu za kufanya jambo lingine.

Mama aliisimamisha korosho kwa ubavu wake juu ya jiwe, akaigonga mara moja, ganda likapasuka, akatoa korosho nzima. Kisha akampa mtoto kile kipande cha mti. Mtoto aligonga kwa nguvu mno, korosho ikasagika pamoja na ganda. Mama hakusema kitu juu ya mkono, bega wala kiwiko. Alisema, "Umesikia ilivyolia? Hiyo imevunjika. Ya kupasuka inalia hivi," akagonga nyingine, nami kutoka kibarazani niliusikia mlio wake, mkavu na mfupi. Zilizovunjika aliziweka bakuli moja na nzima bakuli la pili, na kila mtoto wa huku anajua kwamba vipande havina bei ya korosho nzima. Mtoto aligonga kwa wepesi mno, ganda halikufunguka. Akagonga tena. Nilimwona, bila kuambiwa, akisogeza kidole gumba chini kidogo, akashusha kiwiko karibu na paja, akapunguza mwinuko wa mkono. Nilihesabu. Kwenye korosho ya kumi na nne mlio ulikuwa ule wa mama, na wote wawili wakatazamana wakacheka. Mkono ulikuwa umejipanga wenyewe kwa kuufuata mlio.

Kesho yake asubuhi, kwa kuwa ilikuwa siku ya bamvua na maji yamekupwa mbali, nilikwenda ufukweni Shangani, hapa hapa Mtwara, na ile namba 7. Nilichora mstari mrefu kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, nikasimama nao bila mpira wowote, nikapiga. Alama ya fimbo ilianza kiganja kizima nyuma ya mstari. Hapo nilielewa kosa ambalo video zote za jana yake hazikunionyesha: nilikuwa nikigusa ardhi kabla ya mpira. Nilisogea hatua moja pembeni, nikapiga tena, nikitaka kitu kimoja tu, kwamba alama ianzie kwenye mstari au mbele yake. Maji yaliporudi yakanifukuza, alama nyingi zilikuwa zimeufikia, na sikuweza kusema mkono wangu wa kushoto ulikuwa umenyooka au umepinda.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walikwisha kulipima jambo hili mwaka 1999 kwa watu waliokuwa wakianza kujifunza gofu: walioambiwa waelekeze mawazo kwenye mwendo wa fimbo walijifunza vizuri zaidi kuliko walioambiwa wafikirie mwendo wa mikono yao. Nilifurahi, na nikakasirika pia, kwa sababu mafunzo yetu yalifanyika miaka kumi na mitano baada ya hapo.

Lakini siwezi kusema kwamba kocha yule alikosea yote. Mmoja wetu sita, aliyekuwa na tatizo la magoti, alipewa maneno yaleyale na mchezo wake ukanyooka kuanzia wiki ileile mpaka alipohama. Na mama naye, nikikumbuka vizuri, kabla hajamwachia mtoto alimshika vidole akavipanga kwenye korosho ili visipondwe. Kwa hiyo kuna kitu cha mwili kinachostahili kusemwa, na kuna mahali pa kukomea, na mahali hapo sijapajua.

Jana nilimchorea binti yangu mstari kwenye udongo wa uani, nikamwambia apige autoboe. Alipiga nyuma yake mara tatu, akaufuta kwa kisigino, akachora mwingine wake mwenyewe, akaendelea mpaka giza likaingia. Swali lake la mkono sikulijibu. Leo asubuhi, kabla ya kwenda shule, ameniuliza tena.