Nilivyomaliza risachi yangu bila kupika data wala kununua kazi ya mtu

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa mwisho, naandika hii kwa sababu nimeona watu wazuri kabisa, vichwa, wanaitwa kwenye kamati ya nidhamu kwa ajili ya risachi, na wengi wao hawakuja chuo na nia ya kuiba cha mtu, muda tu uliwabana. Mi nilivyoona yaliyowakuta waliotutangulia nikasema kazi yangu lazima niipange mapema, nisifike mahali ambapo kudanganya ndo njia pekee iliyobaki.

Mada yangu ilikua mama lishe wa Temeke, kwa nini wengi bado wanapikia mkaa wakati mitungi ya gesi imejaa mtaani. Niliichagua makusudi kwa sababu ni watu ninaoweza kuwafikia kwa daladala na nikaongea nao mwenyewe. Watu wengi hapa ndo wanapoharibu, mtu anachukua mada ya mabenki au taasisi kubwa, barua ya kuomba kibali inakaa mezani kwa mtu wiki na wiki, dedilaini inafika hana hata dodoso moja lililojazwa, mwisho anakaa hosteli na wenzie, kalamu za rangi tofauti, wanajaza madodoso wenyewe usiku kucha. Hiyo ndo kupika data na mi inaniuma kuliko hata kukopi, maana yale majibu yakiingia SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, yanatoa majedwali mazuri tu kama ya kweli, afu kesho mtu anayasoma anapanga mambo ya mama ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza chochote.

Fildi yenyewe haikua rahisi. Asubuhi wana watu wa chai na chapati, mchana wana watu wa wali, mama mmoja akaniambia "mwanangu we njoo saa nne hivi, hapo katikati napumua," na tangu hapo nikawa naenda muda huo huo kwa wote. Wengine walinikataa kabisa wakidhani natoka halmashauri au ni mtu wa kodi, hata nilipotoa kitambulisho na barua ya chuo. Kwa hiyo idadi niliyoiandika kwenye proposo sikuifikisha. Nikaenda kwa supavaiza kabla sijaanza kuandika sura ya nne, nikamwambia dokta hali iko hivi, akasema andika ulichopata na ueleze kwa nini vingine hukupata. Basi. Ikaingia kwenye mapungufu ya utafiti, ukurasa hata haujajaa. Watu wanapika data kwa kuogopa hicho kitu tu, kumbe kinaelezeka.

Madodoso yote niliyatunza kwenye boksi, na nilikua na daftari la fildi, tarehe, mtaa, nani alikataa na kwa nini bila kuandika majina yao. Siku ya difensi mmoja wa walimu akalikomalia jedwali moja lililokua na majibu ya ajabu kidogo, wanaotumia gesi na mkaa kwa pamoja walikua wengi kuliko alivyotegemea, nikamtolea madodoso yenyewe akayapitia pale pale. Maharage wanaweka mkaani, chai na mayai kwenye gesi. Aliyejaza hosteli asingelijua hilo.

Sasa kwenye kusoma na kuandika. Makala nyingi ni za Kiingereza na hapo ndo kuna mtego, unafungua PDF huku, Word huku, unasoma sentensi unabadilisha maneno mawili matatu unaendelea. Mi nilifanya hivi, daftari kurasa mbili zinazotazamana, kushoto naandika maneno ya mwandishi kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu na namba ya ukurasa, kulia naandika nilichoelewa kwa Kiswahili, kama namwelezea dada yangu nyumbani. Nikija kuandika nafunga PDF, natumia ule upande wa kulia, narudisha kwa Kiingereza changu. Kama nimeshindwa kuandika kwa Kiswahili ina maana sijaelewa, narudi kusoma. Ila angalia, kupitisha kwenye Kiswahili hakukuondolei deni, wazo bado ni lake, jina na mwaka vinakaa pale pale. Marejeo niliyaweka kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, tangu siku ya kwanza, ni ya bure, maana kutafuta marejeo usiku wa mwisho ndo watu wanaanza kubuni.

Na kitu kingine, ile fomula ya Yamane ya 1967 ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, kila risachi inayo, lakini wangapi wamekishika hicho kitabu? Kama umeikuta kwenye kazi ya mtu mwingine andika umeikuta humo, APA, ule mtindo wa kuandika marejeo, inaruhusu kabisa, unataja wa kwanza na unasema amenukuliwa na nani.

Turnitin, ile programu inayolinganisha kazi yako na za wengine, isikupe usingizi. Rangi ya kijani inafika mpaka asilimia 24 ya kufanana, lakini unaweza kuwa na asilimia 8 na zote ni aya moja uliyoibeba nzima. Mi niliifungua ripoti nikapita kila mahali palipopakwa rangi, marejeo na majina ya taasisi nikayaacha, sentensi zilizofanana nikaziandika upya kutoka kwenye daftari. Kuhusu ChatGPT nilimuuliza supavaiza kabla, akaniruhusu sarufi tu, nikaishia hapo na nikalitaja kwenye shukrani. Marejeo usiyaombe huko kabisa, inaweza kukutajia makala ambayo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani.

Rumeti wangu alitaka kununua kazi steshenari, ananiambia kaka nani atakuja kuisoma. Nikamwambia habari ya Annette Schavan, alikua waziri wa elimu Ujerumani, mwaka 2013 chuo kikuu cha Düsseldorf kikamfutia udaktari wa kazi aliyoikusanya 1980, akajiuzulu. Miaka zaidi ya 30 baadaye. Rumeti akakaa kimya, afu tukagawana meza tukaandika wote.

Mwisho hizi grupu asaimenti, kuweka jina la mtu ambaye hakufanya nayo ni udanganyifu japo tunaiona kama ubinadamu. Sisi tulikua na mmoja alikua anauguza mzazi, tukaenda kwa mwalimu pamoja naye kabla ya kukusanya, akampa kipande chake na siku za nyongeza, akafanya. Nendeni mapema, maksi zikishatoka huwa hakuna wa kuwasikiliza.