Mguu uliosahau uko wapi

Juzi jioni nimekimbia Mama Ngina, ile njia ya ufukweni Mombasa, raundi sita kutoka Lighthouse. Tano mswano kabisa. Ya sita nashuka kwenye ukingo wa njia, si shimo si jiwe, kimo cha kiganja tu, kifundo kikapinduka kwa ndani. Muuza mihogo akaniwahi na kiti: "Pole kaka, kaa kwanza." Niliona haya kuliko maumivu.

Leo dada wa tiba ya viungo kanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Ndani ya misuli na kano mna vihisi vinavyouambia ubongo mguu umekaa vipi, hata ukifumba macho. Misuli ikichoka, habari hizo hufika na kasoro. Nguvu nayo haitoki sawasawa: hutetema, mara izidi, mara ipungue. Ile misuli ya ubavuni mwa mguu, inayozuia wayo usipinduke, huchelewa kuvuta au huvuta kidogo. Yaani pumzi ninayo, moyo hauna neno, na mguu haujui vizuri uko wapi. (Mimi nilidhani kuchoka ni kuhema tu!)

Akanisimamisha kwa mguu mmoja, ule usioumia, macho nimefumba. Nikajikaza. Kisha akaniinua kwa ncha za vidole mpaka shavu la mguu likawaka moto, akanirudisha palepale. Lo! Niliyumba kama dau kwenye kusi.

Sasa nimepewa zoezi la kusimama mguu mmoja nikipiga mswaki. Mke wangu anauliza nimegeuka korongo lini.