Nilivyopata spika za masikioni za bei nafuu jirani na mashine ya kusaga

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wanakuja huku Kusini, wanazungumza na wakulima wa korosho wa Newala, Tandahimba na kwingineko, kisha wananiachia faili za sauti. Mimi nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Nafanyia nyumbani, hapa Mtwara mjini, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazamana na mashine ya kusaga. Kuifunga dirisha kwa joto letu hili haiwezekani.

Anayesikiliza muziki anaweza kuvumilia. Kwangu mimi, mzee akitaja mavuno yake, lazima nijue amesema kilo sitini au tisini. Tofauti yote imekaa kwenye s na t, na hizo ni sauti hafifu, zinamezwa kirahisi na mashine. Inabaki "-ini" peke yake, narudisha nyuma, nasikiliza tena, narudisha tena. Fedha ya mkulima ikiandikwa pungufu au zaidi kwenye utafiti, si jambo dogo.

Njia ya haraka ni kupandisha sauti, na sikuitaka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima anayesikiliza kwa desibeli 80 asizidi saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo unapungua kwa nusu. Wiki yenye kazi nyingi mimi nazikaribia saa hizo. Kwa hiyo nilichokitafuta ni kitu cha kupunguza kelele ya nje ili sauti ya ndani ibaki chini, na bei isivuke shilingi 50,000.

Madukani kila boksi lina ahadi ya kuzuia kelele. Kijana mmoja alinipa spika ndogo zisizo na waya, akaniambia, "Dada, hizi zinakata kelele zote, we chukua tu." Nikageuza boksi, limeandikwa ENC. Herufi hizo zinahusu maiki: zinasafisha sauti yako unapopiga simu ili aliye upande wa pili asisikie kelele zinazokuzunguka. Masikio yako wewe hazisaidii chochote. Inayofanya kazi masikioni mwako ni ANC. Nilimwonyesha, naye akasema hakuwahi kuambiwa tofauti yake. Namwamini, maana mzigo unakuja na maboksi tu, maelezo hayaji.

ANC yenyewe ina maiki ndogo inayonasa kelele ya nje, halafu spika inatoa wimbi lililogeuzwa kinyume, mawili yanakutana na kufutana. Wazo ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936, na Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alianza kulifanyia kazi kwa ajili ya hedifoni mwaka 1978, akiwa ndani ya ndege akitoka Ulaya. Hiyo ndege ndiyo iliyonifumbua macho. Teknolojia hii inaweza zaidi mngurumo mzito usiobadilika: injini, feni, jenereta. Sauti kali na za ghafla, na maneno ya watu, zinapenya.

Binamu yangu anazo za namna hiyo, akaniazima nilipokuwa naenda Dar. Basi lilipotoka Mtwara nikaziwasha, mngurumo wa injini ukashuka kweli, nikafurahi. Televisheni ya basi ikabaki vilevile, na honi kila tunapopita kijiji. Nyumbani nikazijaribu mbele ya mashine ya kusaga. Uvumi wa mota ulipungua sana, lakini ule ukali wa nyundo zinapopasua mahindi ulikuja hadi ndani, na huo ukali ndio unaogombana na s na t zangu. Halafu bei yake ilikuwa mbali na mfuko wangu, na umeme ukikatika wakati chaji imeisha, kazi imesimama.

Zile kubwa za kufunika sikio lote nilizivaa dukani na nikazirudisha palepale. Mimi navaa ushungi. Kitambaa kikikaa kati ya mto wa hedifoni na ngozi kinaacha upenyo, na kelele inapita kwenye upenyo huohuo. Wenye miwani wana shida hiyohiyo kwenye mkono wa miwani. Ongeza jasho la hapa pwani.

Nikaja kwenye zile za waya, zenye kimpira kinachoingia ndani ya tundu la sikio. Hapa ndipo penye jibu kwa mtu wa kipato changu. Kimpira kikiziba vizuri kinazuia hasa zile sauti kali ambazo ANC inazishindwa. Zile ngumu za plastiki zinazoning'inia mlangoni mwa sikio hazizibi kitu, hata ziwe za bei gani.

Namna nilivyozipima: nilizivaa bila kuchomeka kwenye simu, nikasimama karibu na spika ya matangazo iliyokuwa nje ya duka la jirani. Nilichotaka kusikia ni kiasi gani cha tangazo kinabaki. Kisha nikafunga mdomo na kusema "mmm". Kama kimpira kimeziba, sauti yako mwenyewe inavuma kichwani kama uko ndani ya pipa. Kama haivumi, badilisha saizi. Sikio langu la kulia lilitaka cha kati, la kushoto kikubwa, na nimeona watu wengi wana tofauti hiyo wala hawajui, wanalaumu spika. Muuza duka alinivumilia mpaka nikaridhika, na alifuta vimpira kwa spiriti kabla na baada. Naomba wauzaji wote wafanye hivyo.

Nilinunua kwa shilingi 18,000. Baadaye nikaagiza vimpira vya sponji kutoka Kariakoo, vikaja na basi. Unakiviringisha kati ya vidole mpaka kinywee, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unakiingiza na kukishika hapo kidogo mpaka kifutuke. Hapo mashine inabaki uvumi wa mbali. Ukiagiza, pima kwanza shingo ya spika yako inapovalishwa kimpira, mpelekee muuzaji picha ikiwa na rula pembeni, kwa sababu tundu likiwa pana kinabaki ndani ya sikio unapovuta waya.

Waya nao una kelele yake. Ukisugua nguo unagonga masikioni, du, du. Dawa yake ni kuupitisha juu ya sikio na kushuka nyuma ya shingo. Mimi naupitisha ndani ya ushungi na haunisumbui tena.

Sponji inachoka. Jasho na nta ya masikio vinaifanya iwe ngumu, haifutuki tena, na kelele inarudi taratibu kiasi kwamba unaweza kudhani umezoea vibaya. Nikiona hivyo naivua na kuweka mpya. Kwenye wavu mdogo wa spika napitisha kitambaa kikavu, sitii maji.

Barabarani sizivai kabisa, bodaboda anatokea popote. Na watoto wakiwa peke yao uani navaa upande mmoja, kasi ya kazi ishuke tu. Ila saa za mashine, sauti ya kompyuta yangu sasa iko chini ya nusu, na juzi mzee mmoja wa Tandahimba amesema tisini, nimemsikia mara ya kwanza.