Tulimtafuta panya darini

Jumapili, usiku.

Leo nimefua foronya zote za mtoto na sare zake za shule. Jioni nilipozianua nikazinusa moja moja, pale pale uani, wapangaji wenzangu wakinitazama. Sabuni tu. Ndiyo maana nimepata moyo wa kuandika.

Binti yangu ana miaka minne. Ilipoanza ile harufu, kama mwezi na nusu uliopita, tulijua kuna panya amefia mahali. Baba yake akapanda darini na tochi, akashuka na utando wa buibui kichwani, panya hakuna. Tukasogeza kabati, tukaosha jokofu, tukatupa hata viazi vizima. Siku ya tatu mama mwenye nyumba, mtu asiyejua kumeza neno, akamwinamia mtoto kumsalimia, akainuka polepole: "Mama, ni huyu."

Nilimnunia wiki nzima. Kisa chenyewe ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Nikaanza kumwogesha mara tatu kwa siku. Ndimu, majani ya mwarobaini, shabu kwapani. Shabu kwapani kwa mtoto wa miaka minne! Sasa najua kwamba tezi za jasho zinazoleta kikwapa zinangoja balehe, kwa hiyo mtoto mdogo akinuka vikali hivyo na anaogeshwa, kuna kitu kingine. Wakati ule nilichojua ni dodoki. Nilimsugua mpaka mgongo ukawa mwekundu, akawa analia, "Mama, nimeshatakata." Wifi yangu akasema ni kijicho, tukaenda kuandikiwa kombe. Simcheki mtu, mimi mwenyewe nilishika kikombe akanywa. Duka la dawa wakanipa dawa ya mafua, maana kamasi zilikuwepo, na safari ya pili wakanipa amoksilini. Harufu ikapungua, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Dawa ilipokwisha ikarudi vilevile.

Kisha ukaja ujumbe wa mwalimu: "Mama, tunaomba mtoto aogeshwe kabla ya kuletwa." Niliusoma nimesimama kwenye daladala, nikaifunika simu kwa kiganja kana kwamba abiria wote wanasoma na mimi. Kuanzia siku ile nikawa namzuia nyumbani, nasema ana homa.

Na muda wote huo jibu nilikuwa nalipangusa kwa pembe ya kanga. Kamasi zake zilikuwa zinatoka tundu la kulia peke yake. Nzito, za kijani, hazikauki. Kushoto pakavu kabisa. Mafua gani yanachagua tundu? Mimi niliyempangusa mara ishirini kwa siku sikujiuliza.

Kilichonipeleka hospitali si ujasiri. Asubuhi moja niliona doa la damu kwenye mto, na damu inatamkika mbele za watu. Mapokezi nikasema, "Anatoka damu puani." Neno harufu sikulitaja. Tukaelekezwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akasikiliza, akaandika, kisha akauliza, "Kuna harufu yoyote?" Nikasema, "Kidogo." Akaniangalia bila dharau. "Mama, niliisikia mlipofungua mlango. Hebu niambie, kamasi zinatoka tundu moja au yote mawili?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

Akavaa taa ya kichwani. Tukamviringisha mtoto kwenye kanga, mikono ndani, nikambana miguu kwa mapaja, nesi akamshika kichwa. Daktari akaingiza kichuma chembamba chenye ncha iliyopinda kama sindano ya kufumia vitambaa, akakipitisha juu ya kile kitu na kukivuta kuja mbele. Kikatoka kidude cheusi, ukubwa wa kunde. Nesi akaenda kufungua dirisha. Daktari akakisuuza kwenye sinki, akakibinya kwa koleo, na weusi ulipotoka nikaitambua rangi. Njano ya godoro letu.

"Nani aliweka?" akamuuliza mtoto.

"Pua ilitaka."

"Lini?"

"Jana."

Kwake kila kilichopita ni jana.

Daktari akanieleza kwamba sponji hufyonza kamasi na bakteria wakajazana humo, ndiyo maana dawa ilituliza tu bila kumaliza. Uvundo unatoka na pumzi. Zile kamasi anajipaka mikononi, kwenye nywele, kwenye nguo, analalia mto wake usiku kucha, hivyo mtoto mzima ananuka wakati kinachonuka ni tundu moja. Anawaona wengi, hasa wa miaka miwili mpaka mitano: maharage, shanga, punje za mahindi ambazo humo ndani huvimba kwa unyevu. Akanionya nisichokonoe kwa pini wala kibiriti, kitu kinaweza kusukumwa nyuma kikaangukia njia ya hewa. Na ikiwa ni betri ndogo za duara, zile za saa na vifaa vya kuchezea, nisingoje hata asubuhi, maana huunguza pua kwa saa chache tu. Akamchungulia tundu la pili na masikio yote mawili. Safi.

Kesho yake asubuhi mto haukuwa na kitu.

Mwalimu nimemwandikia kwamba haikuwa kuoga. Amejibu kwa pole nyingi, na naona kweli ameumia. Mtoto nimemwomba msamaha wa dodoki. Akanitazama kidogo, akauliza kama daktari atamrudishia sponji yake.

Mama mwenye nyumba nilimfuata mwenyewe barazani. "Shikamoo mama. Panya tumempata." Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi, halafu akauliza, "Na godoro umeshona?"

Nilikuwa sijashona. Nimeshona usiku huu, kwa uzi mweusi maana ndio uliokuwepo, pale kichwani ambapo kitambaa kimechanika na vidole vyake vimechimba kishimo. Nilipoligeuza nikakuta kishimo cha pili, upande wa ukutani. Nimemmulika tundu la kushoto kwa tochi ya simu akiwa amelala. Akageuza uso na kunipiga teke.

Kesho anarudi shule.