Chumvi ya Mikindani

Mikindani, kila kilichoharibika kimeliwa na chumvi. Baiskeli, bawaba, bati, redio, yote upepo wa ghubani ndio unaobebeshwa lawama. Kwa hiyo mwaka 2017, mjomba alipoifikisha kompyuta yake kibandani kwangu Mtwara mjini, ndani ya gunia la korosho, alikuwa ameshahukumu.

"Chumvi hiyo, mjomba. Wewe isafishe tu."

Alikuwa karani mstaafu wa chama cha msingi. Mashine yenyewe ni 386SX, aina ya kompyuta ya zamani, memori MB 4, aliyoachiwa na mgeni mmoja wa mradi miaka ya tisini, naye akaichapia barua na hesabu hadi siku ilipokataa. Mimi nilizoea simu na laptopu, na nilijiona fundi. Nikaamini chumvi. Wiki mbili nzima nilisugua: kasha, nafasi za kadi, miguu ya memori, hata mapanga ya feni. Nikiwasha, kioo cheusi, na kispika cha ndani kinalia pi, pi, pi. Nazima.

Aliyeniumbua ni mzee fundi redio wa kibanda cha pili. Siku hiyo hata kichwa hakuinua kwenye kazi yake. "Kijana, mbona inalia sita kila mara?"

Sikuwa nimehesabu.

BIOS yake, programu ndogo inayoiamsha mashine, ilikuwa ya kampuni ya AMI, na kwa AMI milio sita maana yake chipu ya kibodi, 8042, imeshindwa kufungua njia iitwayo A20. Hapo ndipo nilipopata kisa cha kuchekesha. IBM ilipotoa PC/AT mwaka 1984, chipu hiyo ilikuwa na mguu usio na kazi, basi wahandisi wakaupa kazi ya kufungua memori inayozidi MB 1. Yaani mtunza kibodi ndiye bawabu wa memori! Akilemaa yeye, mashine haifiki popote.

Nikamulika tochi karibu na soketi ya kibodi. Palikuwa na betri ya nikeli na kadimi, volti 3.6, ndogo kama kidole, imelehemiwa juu ya mazabodi, bamba kuu la mashine, ili itunze saa na mipangilio. Imevuja. Ukoga wa kijani umezitafuna njia za shaba pembe ile moja tu, kwingine kote mazabodi inang'aa. Chumvi ya bahari haichagui pembe.

Kinachovuja humo ni alkali, dawa yake ni asidi. Niliomba siki kwa muuza chipsi, akanipimia kwenye kifuniko cha chupa huku akiniangalia kwa wasiwasi. Nikaing'oa betri, nikasugua kwa mswaki, nikasuuza kwa maji, kisha spiriti, nikaanika. Testa ikaonyesha njia tatu zimekatika. Nikaziunga kwa nyuzi za waya wa spika, na pembeni, mbali kabisa na mazabodi, nikafunga betri tatu za redio zenye dayodi ili mashine isizichaji. Nikawasha. Memori ikaanza kuhesabiwa kwenye kioo. Mzee fundi redio akaniambia tu, "Sasa imenyamaza."

Ikabaki diski. Niliogopa kuizungusha sana kabla sijapata nakala, lakini adapta ya USB haikuitambua kabisa. Diski za umri ule husubiri kuambiwa idadi ya silinda, vichwa na sekta, yaani jinsi zilivyogawanywa ndani, na lebo ilikuwa imefutika. Nikampigia mjomba, bila matumaini makubwa.

"Shikamoo, mjomba. Hivi kuna karatasi yoyote ya ile mashine..."

"Marahaba. Elfu moja na moja, kumi na tano, kumi na saba."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa naiandikia kila asubuhi, karibu mwaka mzima. Ikilala, inasahau."

Nikazidisha: sekta 255,255, kila moja baiti 512. Karibu MB 131, hesabu imekaa sawasawa. Nikaichopeka diski kwenye kompyuta ya rafiki, Pentium III, nikaandika namba zile zile, nakala ikatoka nzima. Usiku huo niliiendesha kwenye laptopu kwa PCem, programu inayoigiza mashine za zamani, na WordPerfect 5.1, programu aliyochapia barua, ikafunguka na kioo chake cha buluu.

Jumapili nikaenda Mikindani na vyote viwili. Nilianza na laptopu, kwa majivuno kidogo. Mjomba alisoma barua yake moja ya kudai magunia, akasogeza sikio.

"Mbona kimya? Hii imekufa."

Tukawasha ile yake. Ilipoanza kuvuma akavuta kiti.

Nikatoa mfukoni ile betri niliyoing'oa, nikamweleza yote: ilivyovuja, ilivyokula shaba, na kwamba zile asubuhi za kuandika namba ndiyo ilikuwa inakata roho mbele ya macho yake. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaigeuzageuza kiganjani, akaukwangua ule ukoga kwa ukucha.

"Na hii," akasema, "unadhani imeliwa na nini?"