Kabureta mbili kwenye Beetle: kilichonisumbua zaidi kilikuwa fito

Gari langu ni Volkswagen Beetle yenye injini ya 1600 inayopoozwa kwa hewa, ile ambayo kila kichwa cha silinda kina matundu mawili ya kuvutia hewa. Nilipolipata lilikuwa na ugonjwa mmoja ulioninyima raha: ukikanyaga mafuta ghafla, injini inasita kama mtu aliyekabwa na tonge, halafu ndiyo inavuta. Kila niliyemweleza alinijibu vilevile: toa hiyo kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, weka mbili. Mwishowe niliweka mbili, na sijuti. Ila nashukuru kwamba sikuanzia huko, kwa sababu fundi mmoja mzee alinizuia. "Mwanangu," aliniambia, "kabureta mpya haiponyi valvu iliyobana."

Basi nikaanza na valvu. Injini ilikuwa imelala usiku kucha, baridi kabisa, maana uwazi wa milimita 0.15, ile nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma, hupimwa hivyo tu. Saba kati ya nane zilihitaji kurekebishwa kidogo. Ya nane, valvu ya kutolea moshi ya silinda ya 3, haikuwa na uwazi wowote. Hata fila, kibati cha kupimia nafasi, ya 0.05 iligoma kupita. Hilo lilinitisha. Valvu hupunguza joto lake kwa kukalia kiti chake. Isipofunga vizuri inaungua, na kwenye injini isiyo na maji inaungua upesi. Baada ya hapo nikasafisha platini, zile ncha zinazokata umeme wa cheche, na kuziweka kwenye milimita 0.4, nikaenda kwenye taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka. Distribyuta yangu ni Bosch 009, isiyo na kivutio cha vakyumu, kwa hiyo niliipima kwa taa injini ikizunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, nikaiweka nyuzi 30 kabla ya pistoni kufika juu. Kusita kukapungua, hakukuisha.

Kabureta ya zamani ilikuwa Solex 34 PICT-3. Ukishika kwa vidole ekseli inayobeba kipepeo chake, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, ilikuwa inacheza juu na chini. Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta pembeni ya ekseli injini ikiwa sailensi, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, na mlio ukabadilika palepale. Hewa isiyopimwa ilikuwa inaingia kwa mlango wa nyuma. Nikafungua pia kibomba kinachopitisha moshi wa ekzosi chini ya manifoldi, bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye vichwa, ili kuipasha joto. Masizi yalikuwa yamekiziba hadi waya haukupita.

Hapo nikaelewa kwa nini gari lilikuwa linasita. Kabureta moja inakaa katikati, na petroli inasafiri mbali kwenda kulia na kushoto kabla ya kufika kwenye silinda. Manifoldi ikiwa baridi, sehemu ya petroli hiyo inashika kwenye kuta kama matone. Ukikanyaga mafuta, hewa inawahi na petroli inachelewa. Anayetaka Beetle yake ibaki kama ilivyotoka kiwandani azibue masizi, aweke bushi mpya kwenye ekseli, atakuwa na gari zuri sana. Mimi nilitaka kuifupisha njia yenyewe, nikachukua Weber 34 ICT mbili, kila moja ikae juu ya kichwa chake.

Kabla ya kufunga, nililaza gasketi kwenye mdomo wa manifoldi mpya, halafu kwenye tundu la kichwa. Havikulingana. Upande mmoja chuma kilijitokeza karibu milimita mbili, ngazi kamili ambayo hewa ingejigonga kila pistoni inapovuta. Nilichora mstari kwa sindano kufuata gasketi, nikapiga tupa taratibu jioni mbili, nikipapasa kwa kidole kila baada ya muda. Sikung'arisha matundu kwa ndani. Nilitaka mapito yalingane tu. Chenga za aluminiamu nilizifuta kwa kitambaa chenye grisi, manifoldi ikiwa mkononi na matundu ya kichwa nimeyaziba kwa nguo safi. Chenga moja ikiingia kwenye silinda, kazi yote inageuka hasara.

Zikafungwa. Nikaweka kipima hewa kwenye mdomo wa kila kabureta: kulia 5, kushoto 5. Nikazunguka nalo nusu saa, nikarudi na furaha. Kwenye sailensi likaanza kutetemeka. Nikapima tena: kulia 5, kushoto 7. Nikarekebisha. Asubuhi, injini baridi, namba zikawa zimeharibika tena. Kwa siku nne nilikuwa nazungusha skrubu zilezile, na nilikaribia kuzirudisha kabureta zote mbili kwenye boksi.

Yule fundi mzee alikuja, hakushika hata bisibisi. Alitazama ile fito ndefu inayounganisha kabureta mbili juu ya injini, na vile vijiti viwili vinavyoshuka kutoka kwenye fito kwenda kwenye mikono ya vipepeo. Akaniuliza, "Hiki kijiti cha kushoto, mbona kimelala?" Cha kulia kilisimama wima. Cha kushoto kilikuwa kimeinama kuelekea katikati.

Maelezo yake sijayasahau. Injini hii ikipata moto inapanuka, na kwa kuwa silinda zimelala pande mbili, vichwa vinasogea mbali kimoja na kingine, pengine karibu milimita moja kwa jumla. Kabureta zinasogea navyo. Kijiti kilichosimama wima hakijali sana mwendo huo, lakini kilichoinama kinavutwa, nacho kinafungua kipepeo kidogo. Kumbe skrubu zangu hazikuwa na kosa. Nilihamisha mkono wa kushoto kwenye fito mpaka vijiti vyote viwili vikawa wima na urefu sawa, nikaacha mchezo mdogo unaosikika kwa kidole mguu ukiwa haujagusa pedali. Nikalinganisha tena, safari hii injini ikiwa ya moto. Namba hazijahama tangu siku ile.

Jeti, vile vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta, zilikwenda haraka zaidi. Zilikuja na jeti za sailensi za 50, na kila nikiachia mafuta ekzosi ilikuwa inapiga vishindo. Skrubu za mchanganyiko nazo zilitaka zaidi ya mizunguko miwili na nusu ndipo injini itulie, dalili kwamba jeti ni ndogo. Nikaweka 55, skrubu zikatulia kwenye mzunguko mmoja na nusu, vishindo vikakoma. Jeti kuu nilizikagua kwa rangi ya plagi: nilipanda mlima mrefu kwa gia ya tatu, mafuta yamekanyagwa hadi chini, nikazima swichi na kukanyaga klachi kwa pamoja, nikaegesha, nikazitoa zikiwa bado za moto. Kwa injini hii naogopa mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko ninavyoogopa kula mafuta, kwa sababu petroli nayo husaidia kuipoza.

Plagi tatu zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia, kama udongo mkavu. Ya silinda ya 3 ilikuwa nyeupe kidogo, dalili ya joto kupita kiasi au hewa nyingi. Kabureta ya kushoto ndiyo inayolisha pia silinda ya 4, na ya 4 iko sawa, kwa hiyo sidhani kama kosa ni jeti. Kuna mtu aliifunga injini hii boksi la feni la zamani, lile ambalo kipoza oili kinasimama ndani na kuzuia upepo usiifikie silinda ya 3. Volkswagen wenyewe walikihamisha kipoza hicho nje ya njia kwenye magari ya 1971. Boksi la aina hiyo nimeshalipata, pamoja na mpira mpya wa kuziba ukingo wa injini ili joto la chini lisirudi kwa feni. Nikishalifunga nitaupanda tena mlima uleule na kuitoa plagi ya 3 kwanza.